Jinsi ya Kuhamia Shahada ya Jiografia Kutoka Chuo cha Jamii California

Vyuo vya jamii vya umma katika jimbo la California humpokea karibu kila mtu aliyefikisha umri wa miaka 18, awe na cheti cha kidato cha nne cha Tanzania, cha KCSE au cha shule ya hapo hapo. Mwanafunzi hukaa huko takriban miaka miwili, kisha huhamia chuo kikuu kumalizia shahada. Kwa jiografia njia hii inafaa sana, ila mpango wake lazima uanzie mwisho: kwanza amua idara unayotaka kuishia, ndipo ujiandikishe masomo.

Idara hizo haziko kila mahali. Katika mfumo wa University of California, yaani UC, shahada ya kwanza ya jiografia inapatikana Berkeley, Los Angeles na Santa Barbara. Katika mfumo wa California State University, yaani CSU, wigo ni mpana zaidi, na kampasi za San Diego, Long Beach na Northridge ni miongoni mwake. Chagua mbili au tatu, kisha fungua tovuti ya assist.org, ambayo ndiyo kumbukumbu rasmi ya makubaliano kati ya vyuo vya umma vya jimbo hilo. Weka jina la chuo chako, la chuo kikuu na la shahada, nayo itakuonyesha somo lipi la kwako linahesabiwa badala ya lipi la kwao. Hifadhi nakala ya ukurasa huo wenye mwaka wako wa masomo, kwa sababu makubaliano hubadilika, na neno la mshauri lisilo na maandishi halitakusaidia baadaye.

Wakati wa kujiandikisha, shughulikia mapema suala la ukaazi. Mkazi wa jimbo hulipa dola 46 kwa kila yuniti, yaani kipimo cha uzito wa somo, na mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa ada hiyo. Asiye mkazi hulipa mara kadhaa zaidi. Kwa kawaida ukaazi huthibitishwa kwa kuishi California mwaka mmoja na siku moja kabla ya muhula kuanza, ukiwa na hali ya uhamiaji inayoruhusu. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 huhesabiwa kuwa si mkazi, tena hulazimika kusoma angalau yuniti 12 kila muhula.

Kwa anayelenga CSU, omba stashahada ya uhamisho iitwayo AA-T katika jiografia, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2010. Ina yuniti 60, na kiini chake ni jiografia ya maumbile pamoja na maabara yake, na jiografia ya binadamu. Yanayobaki huchaguliwa katika orodha yenye masomo kama jiografia ya kanda za dunia, hali ya hewa na tabianchi, na mifumo ya taarifa za kijiografia. Stashahada hii inakuhakikishia nafasi ndani ya mfumo wa CSU, lakini si katika kampasi uipendayo. Katika chuo chenye walimu wachache wa jiografia, baadhi ya masomo hayo huenda yakafunguliwa mara moja tu kwa mwaka. Yapange kwanza, masomo ya jumla yafuate. Miongoni mwa hayo ya jumla, CSU hudai uandishi wa Kiingereza, mawasiliano ya mdomo, tafakuri tunduizi na hisabati viwe vimekamilika kabla ya muhula wa kuhamia.

UC hutaka yuniti 60 zinazohamishika na GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 2.4 kwa mkazi au 2.8 kwa asiye mkazi, ingawa anayeishia kwenye kiwango hicho cha chini asitegemee Berkeley. Santa Barbara inashiriki mpango wa uhakika wa nafasi, TAG, ambao maombi yake hupelekwa mwezi Septemba kwa kampasi moja tu. Berkeley na Los Angeles hazimo katika mpango huo.

Maombi yenyewe ya mifumo yote miwili hupelekwa kuanzia Oktoba 1 hadi mwisho wa Novemba au siku za mwanzo za Desemba, kwa wanaoanza masomo mwaka unaofuata. UC huuliza maswali manne ya kujieleza, kila jibu lisizidi maneno 350, na moja la lazima linahusu maandalizi yako kwa shahada uliyochagua. Taja kila chuo ulichowahi kusoma, hata cha Dar es Salaam au Nairobi ulichokiacha bila kumaliza. Kuficha ni kosa linaloweza kukunyima nafasi, na nakala za matokeo kutoka nyumbani huchukua muda kufika. Fomu ya msaada wa fedha ya FAFSA, ambayo mkimbizi na mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, wanaruhusiwa kuijaza, iwasilishwe kabla ya Machi 2 ili usipitwe na ruzuku ya Cal Grant.

Mwezi Januari, UC humtaka mwombaji aongeze alama za muhula uliopita. Majibu yakitoka, nafasi ya UC hukubaliwa kabla ya Juni 1, na nakala ya mwisho ya matokeo hutumwa kufikia Julai 1. Ukiacha somo lolote uliloliorodhesha kwenye maombi, ijulishe kampasi kwa maandishi siku hiyo hiyo, kwani nafasi hutolewa kwa sharti kwamba masomo hayo yatakamilika.