Magofu ya Kaole ukiwa sebuleni

Mnaotaka kuyaona magofu ya Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, bila kupanda bodaboda: fungueni Google Earth (programu ya picha za setilaiti) kwenye kompyuta, bonyezeni alama ya saa inayofungua picha za zamani, kisha mrudi nyuma hadi picha ya kiangazi, Agosti au Septemba. Ya masika ni kijani kitupu. Nyasi zikikauka, kuta za mawe ya matumbawe za misikiti miwili ya kale iliyopo hapo hujitokeza, na kivuli chake kinakudokeza urefu wa ukuta. Chini ya mbuyu huoni kitu, na mawingu yakitanda ndiyo basi. Makaburi yenye nguzo, kwangu ndiyo utamu wenyewe, kutoka juu ni nukta tu. Hayo yatafuteni kwenye picha za wageni, Google Maps.