Kulinganisha matini mbili kwa maneno yake katika Python

Mwongozo huu unamfaa mwenye sentensi mbili za Kiswahili anayetaka kujua zina maneno mangapi ya pamoja, bila kujali herufi kubwa wala alama za uandishi. Python 3 inatosha; sioni sababu ya kusakinisha maktaba ya nje kwa kazi ndogo kama hii.

Hatua ya 1. Geuza herufi kubwa kuwa ndogo: `matini = matini.casefold()`.

Hatua ya 2. Sawazisha ritifaa. Hapa ndipo majibu huharibika bila programu kutoa onyo lolote. Ritifaa ya "ng'ombe" inaweza kuwa U+0027 ya kibodi (U+ na tarakimu zake ni namba ya alama katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi na alama), U+2019 au U+2018 ambazo programu za kuandikia huziweka zenyewe, au hata U+02BC. Msomaji huona neno lilelile, lakini Python huona maneno manne tofauti. Usitegemee `unicodedata.normalize`, kwa sababu hata muundo wake wa NFKC, unaounganisha herufi nyingi zinazofanana, hauzigeuzi alama hizo kuwa moja. Zibadilishe mwenyewe, na ufanye hivyo kabla ya kukata maneno:

```
for alama in "\u2018\u2019\u02bc":
    matini = matini.replace(alama, "'")
```

Hatua ya 3. Kata maneno. Sipendi `split()` hapa, kwani huacha nukta na mikato imeng'ang'ania maneno. Ruwaza ya `\w+` (mfululizo wa herufi au tarakimu) peke yake nayo hulipasua "ng'ombe" kuwa "ng" na "ombe", hivi kwamba "ng'ombe" na "ng'ambo" huonekana kuwa na neno la pamoja, yaani "ng". Ruwaza hii huiacha ritifaa iliyo katikati ya neno na kuzitupa zilizo pembeni:

```
import re
maneno = re.findall(r"\w+(?:'\w+)*", matini)
```

Hatua ya 4. Pima. Ukishapata orodha `a` na `b` za maneno ya matini hizo mbili, kipimo cha Jaccard hugawanya idadi ya maneno ya pamoja kwa idadi ya maneno yote yasiyojirudia:

```
len(set(a) & set(b)) / len(set(a) | set(b))
```

Hakikisha tu kwamba orodha zote mbili si tupu. Kipimo hiki hakijali mpangilio: "Chui alimla mbuzi" na "Mbuzi alimla chui" hupata 1.0. Mpangilio ukiwa na maana, tumia `SequenceMatcher` ya moduli ya `difflib`, ukiipa orodha za maneno badala ya matini yenyewe. Sentensi hizo zitapata takribani 0.33. Weka pia `autojunk=False`, kwani orodha ya pili ikifikisha maneno 200, yale yanayojirudia sana, kama "na" na "ya", huachwa kando katika kutafuta mfanano.