Kutibu Majitaka ya Dampo na Kuvuna Mbolea ya SA (Salfeti ya Amonia)

Maelezo haya yanahusu dampo ambalo sakafu yake imetandikwa udongo wa mfinyanzi au plastiki nzito, na lenye mabomba ya kukusanya majitaka, yaani maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye taka. Katika dampo la wazi kama Dandora, jijini Nairobi, maji hayo hupotelea ardhini na mitoni kabla hayajafika kwenye tangi lolote, hivyo kazi ya kwanza huko ni kuyazuia.

Anza kwa kukadiria umri wa majitaka kwa kupima pH (kipimo cha uchachu; chini ya 7 ni uchachu, juu ya 7 ni kinyume chake) na uwiano wa BOD (oksijeni ambayo bakteria huihitaji kuozesha uchafu) kwa COD (oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu kwa kemikali). Majitaka machanga huwa na uchachu, na uwiano wake huzidi 0.4, hayo yapitishe kwanza kwenye mtambo usio na hewa, ambako bakteria huyageuza mabaki yanayooza kuwa gesi ya kupikia au ya kuendeshea jenereta. Majitaka ya dampo kongwe huwa na pH inayozidi 7.5 na uwiano usiofika 0.1, kwa hiyo bakteria hawana cha kula humo. Kinachobaki kwa wingi, tena kwa miaka mingi, ni amonia, kemikali yenye nitrojeni.

Wahandisi wengi huiteketeza amonia hiyo kwa kupuliza hewa ili bakteria waigeuze kuwa naitreti. Njia hiyo hufanya kazi, lakini kila gramu moja ya nitrojeni hudai takriban gramu 4.6 za oksijeni, na bili ya umeme hupanda ipasavyo, ilhali kinachoteketezwa ni nitrojeni ambayo mkulima huinunua dukani kama mbolea. Ni afadhali kuivuna.

Ongeza chokaa kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka pH ifike kati ya 10.5 na 11. Chokaa hiyo hufanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja: metali nzito nyingi huganda na kuzama, na amonia iliyoyeyuka hugeuka kuwa gesi iliyo tayari kutoka. Usipitishe 11, kwa sababu zinki huanza kuyeyuka upya. Dozi ya chokaa ijaribiwe kwanza kwenye chupa za lita moja moja, kwani majitaka ya masika hayafanani na ya kiangazi. Tope lililozama lirudishwe ndani ya dampo. Lisipelekwe shambani kwa hali yoyote.

Maji yaliyotulia yamwagwe kutoka juu ya mnara uliofungwa, wenye vipande vya plastiki ndani, huku feni ikisukuma hewa kutoka chini. Hewa inayotoka juu, ikiwa imebeba amonia, ipitishwe kwenye asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, nayo itatoa salfeti ya amonia, ambayo ndiyo SA ya madukani yenye nitrojeni asilimia 21. Wakati wa kuzimua, mimina asidi ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Vaa miwani, glavu na kinyago cha gesi. Mnara usafishwe mara kwa mara, maana chokaa huganda kwenye vipande vile na kuziba njia ya hewa.

Chukua mfano wa lita 1,000 zenye miligramu 1,500 za nitrojeni kwa lita: ukinasa asilimia 90, utapata kilo 1.35 za nitrojeni, sawa na takriban kilo 6.4 za SA, kwa kutumia karibu kilo 4.7 za asidi halisi. Kwa hiyo bei ya asidi ndiyo itakayoamua hesabu.

Wapo wanaopendelea struviti, yaani fuwele za magnesi, amonia na fosfati. Magnesi hupatikana kwa bei nafuu katika maji machungu yanayobaki kwenye mabwawa ya chumvi ya pwani, lakini fosfati katika majitaka ya dampo ni haba na lazima inunuliwe. Jiwe la Minjingu, yaani mwamba wa fosfati unaochimbwa Tanzania, halisaidii hivi hivi, kwa kuwa haliyeyuki kwenye pH ya juu inayohitajika. Isitoshe, kalsiamu ya chokaa huinyang'anya struviti fosfati hiyo.

Maji yanayotoka mnarani yateremshwe pH kwa hewa ya ukaa, kisha yapite kwenye mkaa amilifu (mkaa uliotayarishwa ili unase uchafu) wa vifuu vya nazi na mabwawa ya matete. Nchini Tanzania, kabla ya kuuza SA hiyo, sampuli ipimwe metali nzito, na mbolea isajiliwe na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea.