Universal Credit haikulipii Council Tax

Nilipopunguziwa saa kazini niliomba Universal Credit, yaani msaada wa fedha wa serikali ya Uingereza kwa wenye kipato kidogo, nikakubaliwa, nikapumua. Fomu iliuliza pango, watoto, akiba, kila kitu, nami nikaamini Council Tax, kodi ya makazi inayolipwa kwa halmashauri, imo humo. Haimo. Ndugu zangu mlioko England, narudia: haimo. Tangu Aprili 2013 kila halmashauri ina mpango wake wa kuwapunguzia wenye kipato kidogo, unaitwa Council Tax Reduction, na unauomba kwa halmashauri yenyewe. Uombe siku ile ile unayoomba Universal Credit. Ukichelewa, miezi iliyopita unaweza kuikosa kabisa.

Fomu iko kwenye tovuti ya halmashauri yako. Andaa hati za mshahara, za benki na za pango.

Dada yangu wa Mwanza aliniambia, "Si kodi ya mwenye nyumba hiyo? Mwachie." Dada, nakupenda, lakini hapana. Huku kwa kawaida mpangaji ndiye anayedaiwa, na hakuna LUKU ya kuikata kidogo kidogo. Bahasha tatu za halmashauri nilizirundika juu ya friji. Ya kwanza ilinipa siku 7. Ya pili ilitaka salio la mwaka mzima kwa mkupuo. Ya tatu ilikuwa samansi, gharama za mahakama zikiwa zimeshaongezwa. Baada ya hapo wanakuja madalali wa mahakama. Fungueni bahasha!

Nchi hii inaongea kwa karatasi. Hakuna balozi wa nyumba kumi wa kukugongea mlango akuulize una nini. Na viwango vya Council Tax bado vinafuata thamani ya nyumba ya mwaka 1991. Mimi naona ni dhuluma kwa maskini.

Tahadhari kubwa kuliko zote: kama viza yako inakukataza fedha za umma, usiombe Council Tax Reduction. Nayo ni fedha za umma, itakuponza uhamiaji. Punguzo la asilimia 25 la mtu mzima anayeishi peke yake halimo katika katazo hilo, liombe bila hofu. Ila binamu akihamia kwako, toa taarifa, hata kama anasema ni wa wiki mbili tu.

Aliyekwisha kuzama kwenye deni aandike barua kuomba punguzo la hiari chini ya kifungu cha 13A cha sheria ya fedha za serikali za mitaa (Local Government Finance Act) ya mwaka 1992, aeleze shida yake kwa takwimu. Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri kwa raia, watamsaidia kuiandika, bure.