SOMO: Jinsi ya kuingia darasa la Kiingereza chuo kikuu ukiwa mtu mzima (walioko Marekani)

Habari zenu wandugu, na shikamooni wakubwa. Kila wiki napata inbox ile ile, "kaka hivi na mimi naweza kusoma Kiingereza pale chuo kikuu au ni pa watoto wa watu", sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika mara moja na maswali mtaniuliza chini. Mimi ni mtu wa Kigoma, nilianza hilo darasa nikiwa na miaka 38 huku nafanya shifti ya usiku kiwanda cha nyama, kwa hiyo haya sijahadithiwa.

HATUA YA 1: Jua mlango wako

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Vyuo vingi vikubwa vina milango miwili ya Kiingereza, ila getini hawakwambii. Mlango wa kwanza ni ile programu nzito ya kila siku, ya vijana waliokuja na viza ya F-1 wanaotaka kuingia digrii baadaye, sheria inataka wakae darasani si chini ya masaa 18 kwa wiki na ada yake ni maelfu ya dola kwa muhula. Mlango wa pili ni madarasa ya jamii, jioni, mara mbili tatu kwa wiki, na walimu mara nyingi ni wanafunzi wa masta wanaosomea kufundisha Kiingereza, nao wanatafuta watu wa kufanyia mazoezi (yaani wewe ni kama mgonjwa wa daktari mwanafunzi, lakini daktari mkubwa yupo amekaa nyuma anaandika kila kitu). Haya ni bure au unalipa kidogo tu na hela ya kitabu.

Sasa mtu anaenda mapokezi anasema nataka Kiingereza, anapelekwa mlango wa kwanza, anaona bei, anarudi nyumbani anasema chuo kikuu ni cha matajiri. Usiulize hivyo. Uliza idara ya isimu au ya elimu kama wana "community English classes". Si kila chuo wanayo, wakikosa watakuelekeza komyuniti koleji (chuo cha umma cha eneo lenu).

HATUA YA 2: Karatasi zako

Hapa fupi. Ukiwa mkimbizi, una asailamu (hifadhi) au grin kadi, nenda tu hakuna wa kukuzuia. Ukiwa F-2, yaani umemfuata mume au mke anayesoma, unaruhusiwa part time tu. Viza ya matembezi usiingie nayo kozi kamili, utajiharibia. Na wewe wa F-1, yale madarasa ya bure ya watu wazima yanayolipwa na serikali hayakuhusu.

HATUA YA 3: Testi ya kupangiwa levo, USIIBE

Narudia usiibe. Unapewa karatasi ya kusoma, unaandika aya moja kuhusu familia au kazi, halafu mwalimu anaongea na wewe dakika chache. Mimi siku yangu nilikaa karibu na kijana mmoja mjanja, nikachungulia weee, nikajaza yote, na yale mazungumzo nikayapita kwa kutabasamu na kusema yes yes. Nikatupwa levo ya 4. Wiki ya kwanza mwalimu anasema "thesis statement, thesis statement" (kumbe ni ile sentensi inayobeba hoja kuu ya insha) mimi nageuka kuangalia ni mwanafunzi gani anaitwa Thesis, maana kila akiuliza "where is your thesis" watu wanainama kimya. Wiki tatu nilikuwa nakaa kama gunia. Mwisho nikamfuata mwalimu nikamwambia ukweli, alicheka mpaka akafuta machozi, akanishusha levo ya 2, na huko ndiko nilikoanza kuelewa.

Kingine, levo za chuo ni zao wenyewe, 1 mpaka 5 au 6, usilinganishe na A1 na B2 (levo za lugha za Ulaya) za ndugu yako aliyeko Ulaya mkaanza kushindana.

HATUA YA 4: Wiki za kwanza, sisi Waswahili tunakwama wapi

Saa kwanza. Miadi yangu ya kwanza ofisini kwao ilikuwa "two o'clock". Mimi nikasikia mbili, nikaamka, nikafika saa mbili asubuhi nimenyoosha shati, ofisi ndo wanafungua. Nilikaa kwenye benchi masaa sita. Kumbuka tofauti ni sita siku zote, wakisema 6:00 jioni hiyo ni kumi na mbili, weka simu yako isome saa yao na uache kuhesabu kichwani.

Pili, azima. Sisi "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu" ni neno moja, wao wana mawili, ndo maana unamwambia mtu "borrow me pen" anakukodolea macho. Sema "lend me". Halafu kusikia, sisi tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu, yote hayo ukiyapeleka kwa "hear" utachekesha darasa. Mama mmoja wa kwetu alisema "I hear smell of gas" nusu ya darasa wakacheka, nusu wakakimbilia mlangoni.

Yeye wetu hana mume wala mke, wao lazima he au she, mimi mpaka leo nikichoka mke wangu anakuwa he. Na irabu, tuna tano tu zinatutosha, wao wanazo nyingi, bosi anakuuliza "where do you live" wewe unajibu "six thirty" kwa sababu umesikia unaondoka saa ngapi.

Na "sorry". Mtu kamwaga kahawa yake, mimi kwa roho safi nasema sorry, sorry, anashangaa ananiambia sio wewe uliyemwaga. Kwetu ni pole, kwao wengi wanaona umekiri kosa. Kazini hii ni hatari kidogo, shika hapo.

HATUA YA 5: Homuweki

Fanya kwenye basi. Ukisema utafanya nyumbani ukishapika, hutafanya.

MASWALI

Mama Riziki: Jambo ndugu yetu, mimi nilitoka Uvira tukapita kambi ya Nyarugusu miaka mingi, niko na miaka 54, shule nilifikaka la tatu tu. Ile darasa ya chuo wanaweza nipokea ao watanicheka?

JIBU: Shikamoo mama. Hawatakucheka, ila nikuambie ukweli, hayo madarasa ya chuo mengi yanadhani mtu anasoma na kuandika lugha yake vizuri. Anzia komyuniti koleji kwenye madarasa ya watu wazima, waambie wazi "I need reading and writing first", wana kundi la kuanzia herufi kabisa. Na uliza kama wana mahali pa kuacha wajukuu, sehemu nyingine wanayo.

Kijana_Ilala: Bro mi nipo Dar, nataka kuja na F-1 ya Kiingereza tu, then nikifika napiga kazi. Inawezekana?

JIBU: Mdogo wangu, unahitaji I-20 ya chuo (fomu ya kuonyesha wamekupokea), unalipa ada ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) dola 350, halafu hela ya viza, na uthibitishe una pesa za ada na kuishi, kisha unasimama dirishani ubalozini. Ukifika, kazi ni za ndani ya chuo tu, masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na programu ya lugha haina OPT, kwa hiyo hakuna mwaka wa kufanya kazi baada ya kumaliza. Ukimwambia wa dirishani "napiga kazi" hata kiti hutakalia.

Dada Zuwena: Cheti cha jioni kinaniingiza digrii ya uuguzi kaka?

JIBU: Hapana dada. Watataka TOEFL au IELTS (mitihani ya kimataifa ya Kiingereza), na matokeo yake yanahesabika miaka miwili tu, kwa hiyo usifanye mapema mno. Ila vyuo vingine ukimaliza levo ya juu kabisa ya ile programu yao nzito (mlango wa kwanza) wanakusamehe mtihani. Piga simu uulize kabla hujalipa hata senti.

Mchana_Usiku: YouTube si inatosha jamani, darasa la nini?

JIBU: YouTube haijawahi kukuuliza "where is your thesis".

Baba Furaha: Nafanya shifti ya pili, natoka saa tano usiku. Nifanyeje na darasa la jioni?

JIBU: Baba Furaha uliza kama wana kundi la asubuhi, kwetu lilikuwepo la saa tatu asubuhi na lilijaa watu wa viwandani watupu, tunasinzia kwa zamu. Niandikie inbox uko mji gani nikutafutie.