SOMO: Nywele zinanyonyoka na unameza dawa ya thairoidi. Anza na kalenda, mafuta baadaye

Habari zenu wapendwa. Somo hili limeombwa sana, hasa na dada zetu walioanza levothairoksini (kidonge cha homoni ya thairoidi) karibuni na sasa kila wakichana, chanuo linajaa. Wengi wanafika dirishani kwangu famasi na hukumu tayari: dawa ndiyo inaninyonyoa, nimeshaiacha. Kabla hujaiacha, soma mpaka chini. Thairoidi (tezi ya shingoni inayotengeneza homoni) iliyolegea bila matibabu inanyonyoa nywele kuliko kidonge chake, na ukiacha dawa leo utalipia miezi mitatu ijayo, wakati umeshasahau kwamba uliiacha.

Kwa nini miezi mitatu? Kila unywele una zamu zake. Hukua kwa miaka 2 hadi 6, hupumzika kama miezi 3, kisha hudondoka na mwingine huchipua kwenye tundu lile lile. Kwenye kichwa chenye afya asilimia 85 hadi 90 ya nywele ziko zamu ya kukua, kwa hiyo tunapoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku na hakuna anayegundua. Homoni ya thairoidi ikipungua, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa mkupuo. Hazidondoki siku hiyo. Hubaki kichwani miezi 2 au 3, ndipo zinapoachia kwa pamoja. Wakati huo wewe umeshapimwa, umeandikiwa dawa, na una wiki kadhaa unameza. Unachokiona ni kidonge na nywele bafuni. Kilichozing'oa kimeshapita.

Ni kweli karatasi iliyomo ndani ya boksi hutaja kunyonyoka nywele miezi ya mwanzo. Malizia sentensi: ni kwa muda.

Hatua ya 1: Chora kalenda

Chukua daftari. Andika mwezi ulioanza kuona nywele zinazidi, kisha rudi nyuma miezi mitatu na uandike yote yaliyokupata kuanzia hapo: malaria iliyokulaza, upasuaji, kujifungua, kupungua kilo kwa haraka, kuacha vidonge vya uzazi wa mpango, msiba mzito. Andika pia tarehe ya kuanza levothairoksini na kila tarehe dozi ilipobadilishwa.

Mfano: nywele zimeanza kunyonyoka mwezi wa sita. Dawa ulianza mwezi wa tano. Mwezi wa tatu ulikuwa hoi, umevimba uso, unalala mchana, baridi inakutesa hata Dar es Salaam, na TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya thairoidi, ilikuwa bado haijapimwa. Dawa ya mwezi wa tano haihusiki na nywele hizi. Mtuhumiwa ni mwezi wa tatu. Daktari ukimpelekea daftari hilo atakusaidia haraka kuliko ukienda na mfuko wa nywele.

Hatua ya 2: Tazama unywele wenyewe, kisha tazama ulikotoka

Chukua nywele kadhaa zilizoanguka uziweke juu ya kitambaa cheusi. Ukiona kishina cheupe mwishoni kama kichwa cha pini, umenyonyoka kutoka kwenye mzizi na zamu yake imekwisha. Usipokiona, na vipande ni vifupi vifupi, huo umekatika njiani: dawa ya kunyoosha, moto wa pasi, ukavu. Thairoidi iliyolegea huleta yote mawili, kwa sababu hukausha nywele pia, lakini tiba zake ni tofauti.

Kipimo kingine: shika nywele kama 50 au 60 kwa vidole, vuta taratibu kutoka kwenye ngozi hadi nchani. Zikitoka zaidi ya 5 au 6, bado unanyonyoka kwa kasi. Usipime siku uliyofumua rasta. Hapa watu hujitia hofu bure. Ukikaa na rasta wiki 6, hizo ni siku 42; kwa nywele 50 hadi 100 za kawaida kila siku, zinazongojea humo ndani ni kati ya 2,100 na 4,200. Lile fungu unaloshika mkononi ukifumua ni la wiki zote hizo, msusi asikuambie ni ugonjwa ili akuuzie mafuta.

Sasa mahali. Zikipungua kichwa kizima bila kuacha upara, na nyusi zikipungua upande wa nje, fikiria thairoidi. Zikirudi nyuma kwenye kipaji na juu ya masikio, hapo ni mkazo wa kusuka, na hakuna dozi ya homoni itakayozirudisha ukiendelea kubana vile vile. Kiraka cha mviringo, laini, kisicho na magamba, kinaweza kuwa kinga ya mwili inashambulia mashina. Ni ndugu wa ugonjwa wa Hashimoto, ambao kinga hushambulia thairoidi, na wenye ugonjwa wa thairoidi hukipata zaidi. Kiraka chenye magamba, hasa kwa mtoto, ni mapunye mpaka ithibitike vinginevyo.

Utosini kukiwa na upara unaopanuka, unawasha au unaunguza, ngozi imekuwa laini na vitundu havionekani, wahi kwa daktari wa ngozi mwezi huu huu. Hayo ni makovu. Kwenye kovu nywele haioti tena, kwa hiyo kinachotafutwa ni kuokoa zilizobaki.

Hatua ya 3: Meza kidonge ili kiingie

Maji matupu, tumbo tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Najua chai ya maziwa haisubiri, lakini maziwa yana kalsiamu na kalsiamu hushikana na dawa tumboni, ikapita bila kuingia. Kahawa nayo hupunguza. Uji wa lishe wenye soya pia. Vidonge vya kuongeza damu, kalsiamu na dawa za kiungulia viwe mbali kwa saa 4. Kama asubuhi yako ni vurugu, meza usiku wakati wa kulala, angalau saa 3 baada ya chakula cha mwisho. Chagua moja ukae nayo.

Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyo hiyo. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake huchukua karibu siku 7 kuondoka, kwa hiyo siku moja haikuangushi. Joto na unyevu ndivyo vinavyoiharibu: isikae juu ya friji, ndani ya gari wala bafuni.

Hatua ya 4: Pima kwa wakati wake

TSH irudiwe wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza au kubadilisha dozi. Kupima wiki ya pili ni kupoteza hela, maana mwili haujatulia. Maabara nyingi huweka kawaida kati ya 0.4 na 4.0, ila soma kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi yako. Ukibadilishiwa kampuni ya vidonge, pima tena.

Omba na feritini, yaani akiba ya madini ya chuma. Thairoidi iliyolegea huweza kuongeza damu ya hedhi, hedhi nzito humaliza chuma, na chuma kikiisha nywele zinanyonyoka hata kama TSH imekaa sawa. Usiridhike na "damu yako iko vizuri": himoglobini inaweza kuwa ya kawaida huku akiba imekauka. Madaktari wengi wa ngozi hupenda kuiona feritini juu ya 40. Ukijikuta unatamani udongo, au unatafuna barafu, sema, ni dalili.

Halafu bayotini, aina ya vitamini B, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Vidonge vya kukuza nywele vinavyouzwa mitandaoni mara nyingi huwa na mikrogramu 5,000 au 10,000, wakati mtu mzima anahitaji kama 30 kwa siku na huzipata kwenye chakula. Ziada hiyo huvuruga baadhi ya mashine za maabara. Majibu yanatoka TSH chini na homoni juu, kana kwamba dozi imezidi. Daktari kwa nia njema anakupunguzia, thairoidi inashuka kweli, na miezi mitatu baadaye nywele zinaondoka. Acha bayotini angalau siku 2 kabla ya kipimo, na umwambie anayekutoa damu.

Hatua ya 5: Usijiongezee dozi

Homoni ikizidi nayo inanyonyoa. Tena inakimbiza moyo, inakunyima usingizi na kula mifupa. Anayekuambia umeze viwili upungue tumbo hakutakii mema.

Hatua ya 6: Tunza zilizopo, subiri zijazo

Fumua mitindo inayovuta. Ukilazimika kusuka, suka legevu, nyuzi nyepesi, muda mfupi. Dawa ya kunyoosha ipumzike. Mafuta ya nazi au ya mnyonyo hupunguza kukatika na ngozi haikauki; paka kwa sababu hiyo, usiyadai zaidi. Maji ya kitunguu yamewaunguza wengi niliowaona.

TSH ikitulia, kunyonyoka hupungua kwanza, ndipo vinyweleo vifupi vinajitokeza kwenye kipaji. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, na zetu za kipilipili hujikunja, kwa hiyo sentimita 3 huzioni kwenye kioo. Hesabu miezi 6 hadi 12. Piga picha mara moja kwa mwezi, mwanga ule ule, uache kujikagua kila asubuhi.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Mbeya: Shikamoo dada. Nimejifungua miezi minne iliyopita, natumia dawa tangu kabla ya ujauzito. Nywele zinatoka kwa mafungu. Ni thairoidi au uzazi?

Marahaba, hongera kwa mtoto. Miezi 2 hadi 4 baada ya kujifungua wanawake wengi hunyonyoka, hata wasio na thairoidi. Ila wewe usiishie hapo. Wajawazito wengi huongezewa dozi kwa kama robo au zaidi, na baada ya kujifungua hurudishwa kwenye ya zamani na kupimwa wiki ya 6. Kama hilo halikufanyika, huenda unameza kingi. Nenda ukapime TSH na feritini. Kunyonyesha endelea, na kidonge endelea.

Kaka wa Mombasa: Mama yangu hufunga Ramadhani na humeza dawa akifuturu, pamoja na tende na chai. Je, yafaa?

Hapo inaingia kidogo. Ana njia mbili: ameze akilala, saa 3 zikiwa zimepita tangu ale mara ya mwisho, au aamke nusu saa hadi saa nzima kabla ya daku. Njia ya kwanza inawashinda wanaokula mpaka usiku wa manane. Muulizeni mama ipi anaiweza, kisha apime TSH wiki chache baada ya Idi.

Mdogo wetu wa Morogoro: Shangazi anasema niache kemikali nitumie mlonge, ni wa asili.

Mlonge ni mboga nzuri, ule. Hauna homoni. Kidonge chako kina T4, homoni ile ile inayotengenezwa na shingo yako. Mwaka 1891 huko Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimdunga mwanamke mwenye ugonjwa huu maji ya tezi ya kondoo. Mwanamke huyo aliendelea na tezi za kondoo hadi alipofariki 1919. Mwaka 1914 Edward Kendall wa Mayo Clinic, Marekani, akaitenga homoni yenyewe. Mpe shangazi salamu, mwambie tumeanzia kwenye kondoo.

Dada wa Arusha: TSH yangu iko sawa mwaka mzima, feritini nzuri, lakini mstari wa katikati ya kichwa unazidi kupanuka. Niongezewe dozi?

Hapana. Huo unaonekana ni upungufu wa kurithi, umekutana na thairoidi kichwa kimoja. Muulize daktari wa ngozi kuhusu minoksidili ya kupaka. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kunyonyoka zaidi, usiogope. Toa hukumu baada ya miezi 4 hadi 6. Ukiacha, ulichopata kitaondoka. Asiitumie mjamzito wala anayenyonyesha. Na kama una paka, asilambe kichwa wala mto wako, hata tone dogo huweza kumuua.

Kaka wa Kigoma: Mke wangu thairoidi yake imezidi, anatumia karbimazoli, nywele zimepungua. Mafunzo haya yanamhusu?

Kalenda, rasta na feritini, ndiyo. Thairoidi iliyozidi hunyonyoa, na karbimazoli nayo huweza. Mara nyingi zinarudi homoni ikitulia. Lakini kwa dawa hiyo nywele si hofu yangu ya kwanza. Akipata homa, koo kuuma au vidonda mdomoni, asiseme ni mafua. Asimeze dozi inayofuata, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na aombe chembe nyeupe za damu zihesabiwe.