Meza ya maonyesho: dinosaria walaji majani walivyopita kiza cha Ncha ya Kaskazini

Mwanafunzi wa Mombasa akisoma habari za majira ya baridi, hufikiria baridi tu. Kiza hakimjii akilini, kwa sababu hapa tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi kuliko zote haifiki hata nusu saa. Klabu ya sayansi inayotaka kueleza habari hizi kwenye maonyesho ya shule ianze na jua, kisha ndipo imlete mnyama.

Eneo la kueleza ni ukingo wa mto Colville, kaskazini mwa Alaska, kwenye miamba iitwayo Prince Creek. Takriban miaka milioni 70 iliyopita pwani hiyo ilikuwa kati ya digrii 80 na 85 kaskazini, karibu na ncha kuliko ilivyo leo. Jua lilikuwa likipotea miezi minne hivi. Wastani wa joto wa mwaka mzima umekadiriwa kuwa takriban nyuzi 6, na theluji ilianguka. Humo waliishi Edmontosaurus, mla majani mkubwa mwenye mdomo bapa, na Pachyrhinosaurus wa ukoo wa dinosaria wenye pembe.

Kiza

Tafuta balungi lenye mzunguko wa sentimita 36, liwe mfano wa Dunia; tochi itakuwa jua. Kipimo hicho kina maana: kila milimita moja juu ya ganda inakuwa digrii moja. Lichome katikati kwa kijiti cha mshikaki, juu mpaka chini. Chora duara la ikweta. Mombasa itie nukta milimita 4 chini ya ikweta, na Prince Creek itie nukta milimita 7 kutoka kijiti kinapotokea juu. Simamisha kijiti kwenye udongo wa mfinyanzi kikiwa kimeinama: kila sentimita 10 za kwenda juu, kiegemee upande sentimita 4.3. Huo ndio mwinamo wa mhimili wa Dunia, digrii 23.5.

Weka tochi umbali wa mita moja, kimo sawa na katikati ya balungi, chumba kiwe na giza. Ncha ya juu ikiinamia mbali na tochi, zungusha balungi kwenye kijiti chake. Nukta ya Mombasa itaingia na kutoka kwenye mwanga. Ya Prince Creek itabaki gizani mzunguko wote. Kisha hamishia balungi upande wa pili wa tochi, na Prince Creek haitaona usiku.

Makosa ni mawili. La kwanza ni kugeuza kijiti kila unapohama, kikawa kinaitazama tochi wakati wote, majira yanapotea. Chagua ukuta mmoja, na ncha ielekee ukuta huo popote balungi liendapo. La pili ni kusogeza tochi mpaka sentimita 20 au 30. Mwanga ukitoka karibu mno hauangazi nusu nzima ya balungi, na hata Mombasa itaonekana ina usiku mrefu kuliko mchana.

Joto la mwili

Hapa wengi hukimbilia barafu ya wauza samaki. Haihitajiki. Kasi ya kupoa inategemea zaidi tofauti ya joto kati ya kitu na hewa. Mwili wa nyuzi 36 kwenye hewa ya nyuzi 6 una tofauti ya 30. Maji ya nyuzi 60 kwenye chumba cha Mombasa chenye nyuzi 30 yana tofauti ile ile.

Tayarisha dumu moja la lita 5 na mawili ya nusu lita, yote ya plastiki ngumu ya aina moja. Dumu dogo moja livike makumbi ya nazi makavu, unene wa sentimita 2, ufunge kwa uzi. Changanya lita 3 za maji yanayochemka na lita 4 za maji ya bomba, upate karibu nyuzi 60. Kazi hii ifanywe na mwalimu. Jaza madumu yote mpaka juu, funga, washa feni iyapulizie sawasawa, na upime joto la maji kila dakika 10 kwa saa nzima.

Dumu dogo lisilovikwa makumbi litapoa kwanza. Lile kubwa lina maji mara kumi, lakini ngozi yake ya nje ni kama mara nne na nusu tu, ndiyo maana linakaa na joto. Makumbi yakiwa na unyevu jaribio limeharibika, maana maji yanapitisha joto kuliko hewa iliyonaswa ndani ya makumbi. Kifuniko kikilegea, mvuke unaondoka na joto.

Waeleze wageni kwa usahihi. Dumu kubwa ni Edmontosaurus, na ngozi yake inajulikana kuwa ya magamba, kwa hiyo msimbandike manyoya. Makumbi yanasimama badala ya vinyweleo vya walaji majani wadogo, mfano Kulindadromeus wa Siberia aliyeelezwa mwaka 2014. Wadogo pengine walikuwa na njia nyingine pia: huko Montana, Marekani, mwaka 2007, ilielezwa Oryctodromeus, mla majani aliyekutwa ndani ya shimo alilochimba pamoja na watoto wawili. Montana haikuwa kwenye ncha, basi liwekeni shimo hilo kama jambo lililowezekana.

Chakula

Sehemu hii ndiyo ngumu, na tunaomba ipewe nafasi kubwa mezani. Mnyama mkubwa angeweza kuvumilia baridi. Mmea usio na jua haukui, na miti mingi ya jamii ya misonobari ya kule ilipukutisha majani yote. Weka sinia yenye vijiti vitupu, kangaga zilizokauka, gome, na kipande cha gogo lililooza. Ongeza matawi ya mvinje: vipingili vyake vinafanana sana na mikia-farasi, mimea iliyoota kwa wingi kando ya mito ile na ambayo huweka akiba kwenye mashina yake ya chini ya ardhi.

Gogo bovu si pambo. Kinyesi cha dinosaria kilichogeuka jiwe, kutoka Montana na Utah, kimekutwa kimejaa mbao zilizooza. Edmontosaurus alikuwa na mamia ya meno yaliyopangika kwa safu, yakisaga pamoja, hivyo chakula kigumu hakikumshinda. Hata hivyo kilikuwa chakula duni, na mifupa inaonyesha hivyo. Mwaka 2012 Anusuya Chinsamy wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walieleza kwamba mifupa ya Edmontosaurus wa Alaska ina mikanda ya kukua haraka na kukua polepole kwa zamu, ambayo hawakuikuta kwa wale wa kusini zaidi. Chora mikanda hiyo kwenye karatasi ya manila, mipana na myembamba ikipishana.

Swali la nyumbu

Mgeni atauliza: kwa nini wasihame kama nyumbu wa Mara? Jibu liwe tayari. Mwaka 2021 Patrick Druckenmiller na wenzake walitangaza meno na mifupa midogo mno ya watoto wa dinosaria kutoka Prince Creek, wa makundi saba. Walitaga huko huko. Mistari ya meno ya vijusi, iliyosomwa mwaka 2017, ilionyesha kwamba yai la Hypacrosaurus, wa ukoo mmoja na Edmontosaurus, lilichukua karibu miezi sita kuanguliwa. Mpe mgeni kalenda ahesabu mwenyewe: yai likitagwa Aprili, kifaranga anatoka Septemba au Oktoba, kiza kikiwa mlangoni, na safari ya kutoka kwenye kiza ni maelfu ya kilomita.